Siri ya Ngoma ya Karagwe

Nchi ya Karagwe, ambayo leo imegawanyika katika wilaya mbili za mkoa wa Kagera, yaani Karagwe yenyewe na Kyerwa iliyokatwa kwayo mwaka 2012, ilikuwa katika karne ya 19 ufalme wenye sifa kubwa, uliojulikana tangu Unyanyembe hata Zanzibar. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, na makao makuu ya ufalme yalikuwa Bweranyange. Huko ndiko walikofika John Hanning Speke na James Augustus Grant mnamo Novemba 1861, wakapokelewa na Omukama Rumanyika wa ukoo wa Wahinda. Wasomaji wengi wa safari ile hukumbuka wake wanene wa jamaa ya kifalme walionyweshwa maziwa, na jinsi Speke alivyowapima kwa utepe. Ni wachache wanaokumbuka jambo lililo kubwa zaidi kwa mwanafunzi wa Kiswahili: kwamba mfalme yule, katika nchi iliyo mbali kabisa na bahari, alimwamkia mgeni wake kwa Kiswahili kizuri.

Jambo hilo si dogo. Mtu anayejua lugha ya wageni hujua pia ni maneno gani wageni wanapenda kuyasikia, na ni yapi yafaa kufichwa. Katika siku zilizofuata, Rumanyika alimsimulia Speke jinsi alivyoupata ufalme, na masimulizi hayo yastahili kusomwa polepole, kama vile hakimu anavyosoma maneno ya shahidi ambaye ni mwungwana na mwenye ulimi mtamu, lakini ambaye kesi yenyewe ni yake.

Alisema hivi. Baba yake Ndagara, ambaye Speke anamwita Dagara, alipokufa, walibaki wana watatu waliostahili kurithi: Rumanyika, Nnanaji na Rogero. Rogero alikuwa mdogo wao wote, lakini marehemu aliwahi kumwambia mama yake, pasipo kufikiri matokeo, kwamba kijana huyo angefaa sana kuwa mfalme. Basi wakuu wa nchi wakaweka mbele ya wale ndugu watatu ngoma ndogo. Kwa uzito wake wa kweli ilikuwa kama unyoya; lakini kwa sababu ya dawa zilizotiwa ndani yake, ilikuwa nzito kupita kiasi kwa kila mtu asiyekuwa na haki ya kutawala. Ndugu wawili walijikakamua wasiweze hata kuitikisa. Rumanyika akainyanyua kwa kidole chake kidogo. Tena palikuwa na mtihani wa pili: mteule aliketishwa mahali fulani, na ardhi ikainuka naye mpaka mbinguni, kisha ikashuka taratibu bila kumdhuru.

Hadithi ni nzuri, na imekamilika. Ila kuna kitu kimoja kilichokosekana ndani yake, nacho ni bunduki. Maana habari za wakati ule zaonyesha kwamba baada ya kifo cha Ndagara ilizuka vita ya ndugu, na kwamba Rogero alikuwa na wafuasi wengi. Upande wa Rumanyika ulisaidiwa na silaha za wafanyabiashara wa pwani. Musa Mzuri, yule Mhindi mwenye duka Unyanyembe, ndiye anayetajwa zaidi katika jambo hilo. Hiyo ilikuwa yapata mwaka 1855. Hata mwaka 1861 Rogero alikuwa angali hai, na mfalme alikuwa angali akimwogopa.

Kwa hiyo ngoma ile ni vazi. Kilichovikwa ni mlio wa baruti, pamoja na deni la mfalme kwa watu waliokuja kununua pembe za ndovu. Hapana haja ya kudhani kwamba Rumanyika alisema uongo, wala kwamba mtihani wa ngoma haukufanyika. Ni rahisi kuamini kwamba ulifanyika, na kwamba wakuu walioiweka ngoma mbele ya wale ndugu walikwisha kujua ni kidole cha nani kitakachoinyanyua. Ndiyo kazi ya siri katika utawala: hauhitaji kusema uongo yule ambaye amepewa haki ya kuchagua mahali pa kuanzia masimulizi.

Katika fasihi ya ulimwengu, taifa lililofikiri kwa bidii sana juu ya sitara na kujigeuza sura katika mambo ya hukumu ni Wachina. Tangu zamani wanazo hadithi za makosa na hukumu ziitwazo gong'an, na mashujaa wake ni mahakimu waliokuwapo kweli: Di Renjie, aliyeishi kati ya mwaka 630 na 700, na Bao Zheng, aliyeishi kati ya 999 na 1062. Hakimu katika hadithi hizo huvua joho la kazi, akavaa nguo za maskini au za mwuza dawa, akaingia vijijini kusikiliza watu wasemavyo wasipojua kwamba serikali inawasikia. Kitabu kimoja cha namna hiyo, alichokitafsiri Mholanzi Robert van Gulik mwaka 1949, chaeleza jinsi Hakimu Di alivyojifanya tabibu ili apate fununu ya mauaji. Na alipomkosa mshitakiwa kwa njia nyingine, aligeuza baraza lake kuwa mfano wa baraza la kuzimu, naye mwenyewe akavaa kama hakimu wa wafu. Mwanamke aliyekuwa amestahimili mateso yote akaungama, akidhani amekwisha kufa.

Wasomaji waliolelewa kwa hadithi za Alfu Lela u Lela watakumbuka Harun Rashid akizunguka Baghdad usiku, na wataona kwamba mawazo haya si ya taifa moja. Hata hivyo, ukiyalinganisha na ya Karagwe, tofauti hutokeza mara moja. Hakimu wa Kichina hujificha kwa kushuka: huwa mtu mdogo ili apate kujua. Omukama hujificha kwa kupanda. Hatembei gizani kuchungua raia zake. Raia ndio wanaowekwa gizani, na yeye huonekana kwao katika sura ya ngoma, ya ng'ombe wa chuma, ya simba. Kwa yule wa kwanza siri ni chombo cha kufichulia. Kwa huyu wa pili siri ndiyo kiti chenyewe.

Vitu vilivyobeba siri hiyo vilionekana na wageni wawili wa karne ile. Speke aliviona mwaka 1861, na Henry Morton Stanley, aliyefika kwa Rumanyika mwaka 1876, akaonyeshwa nyumba ya hazina yenye mikuki, na mifano ya wanyama iliyofuliwa kwa shaba na madini mengine, ng'ombe wakiwamo. Mwanaakiolojia Hamo Sassoon aliandika mwaka 1983 juu ya vyombo hivi, akavihusisha na ufugaji pamoja na ufundi wa wahunzi. Na kwa kweli ndiyo misingi miwili ya ufalme wa nchi zile. Ng'ombe wa chuma hatoi maziwa wala hafi kwa sotoka. Pengine ndiyo maana alifichwa ndani ya nyumba, huku ng'ombe wa kweli wakichungwa malishoni mbele ya macho ya kila mtu.

Lakini siri kubwa kuliko zote ilikuwa kifo cha mfalme. Rumanyika alieleza kwamba maiti ya Ndagara ilishonwa ndani ya ngozi ya ng'ombe, ikawekwa katika mtumbwi juu ya lile ziwa dogo lililo chini ya ikulu, ambalo Speke aliliita Little Windermere. Ilikaa siku tatu, mpaka ikaoza na kutoka funza. Funza watatu wakachukuliwa ikulu, wakakabidhiwa mrithi atunze. Mmoja akageuka simba, wa pili chui, wa tatu fimbo. Na juu ya babu yake, ambaye naye alikuwa na jina la Ruhinda, alisema kwamba aliishi miaka mingi hata akahuzunika kwa ajili ya mwanawe asiyepata nafasi ya kutawala, akajitoa roho mwenyewe kwa dawa. Mwana-simba akatoka moyoni mwa maiti yake. Kutokana na huyo wakazaliwa simba wengi, nao wakamtii Ndagara. Adui walipokuja kutoka kaskazini, hakukusanya watu bali alikusanya simba.

Speke alilichukua jambo hili kama kichekesho, na hapo alikosea kusoma. Masimulizi ya funza wanaogeuka wanyama wa mwitu hayakuwa ya Karagwe peke yake. Nkore nako wafalme waliokufa walihesabiwa kuwa simba. Nchini Rwanda mambo ya namna hii yalikuwa elimu ya watu maalumu waitwao abiru, waliohifadhi kwa moyo maneno ya ibada za ufalme na kuyarithisha ndani ya jamaa zao. Maneno hayo yalichapishwa kwa ukamilifu mwaka 1964, ufalme wenyewe ukiwa umekwisha kuondoshwa. Na mwaka 1969 kaburi la mfalme Cyirima Rujugira lilifunguliwa na wachunguzi wa mambo ya kale. Maiti ya mfalme huyo, aliyetawala katika karne ya 18, ilikaa bila kuzikwa kwa vizazi kadha wa kadha, hata ikazikwa enzi ya Wabelgiji. Na kichwa chake kilikutwa kimelazwa juu ya fuawe mbili za chuma. Basi yaliyoonekana kuwa ndoto za washenzi katika kitabu cha Speke yalikuwa na mizizi katika matendo yaliyofanywa kwa mikono ya watu.

Maana ya kiserikali si ngumu kuitambua. Kati ya kifo cha mfalme na kusimikwa kwa mwingine kuna siku za hatari, na siku hizo hazina mwenyewe. Ndugu huviziana, raia hungoja, jirani hunoa mikuki. Siku tatu za mtumbwi ziwani ni siku tatu ambazo mfalme hayupo duniani wala hayuko kaburini, na wenye siri peke yao ndio wanaojua saa. Katika Buganda haikusemwa kwamba Kabaka amekufa. Ilisemwa kwamba ameutoa mkono wake katika ngao. Lugha nayo huvaa nguo.

Kuna upande mwingine wa kujificha, nao ni wa mtoto wa kifalme anayelelewa bila kujulikana. Masimulizi ya Kitara, ambamo Wahinda huitafutia asili yao kwa Wamara wa Wachwezi, yaeleza jinsi Bukuku alivyoamuru mtoto wa binti yake Nyinamwiru atupwe mtoni, jinsi mfinyanzi alivyomwokoa na kumlea kwa siri, na jinsi mtoto huyo, Ndahura, alivyokuja kumwua babu yake na kutwaa nchi. Wachina wana hadithi inayofanana nayo kwa ajabu: riwaya ya mashujaa iliyochapishwa mwaka 1879 yaanza na mtoto wa mfalme aliyebadilishwa na ngawa aliyechunwa ngozi, akalelewa pasipo kumjua mama yake, hata Bao Zheng akaifumbua siri na kumrudishia mama heshima yake. Mtoto ni yule yule. Anayetofautiana ni mwenye kufumbua. Kitara siri hufumbuliwa na mkuki wa mtoto mwenyewe. Kwa Wachina hufumbuliwa na mtumishi wa sheria aliye chini ya mfalme, ambaye hata hivyo mfalme hana budi kumsikiliza. Ni mtumishi huyu asiyeonekana katika masimulizi ya maziwa makuu. Abiru walikuwako, waganga walikuwako, na embandwa waliovaa jina na sauti ya Mchwezi wakasema kwa ulimi wake. Wote walikuwa watunza siri. Mfumbuzi hakuwa na cheo.

Katika Kiswahili alikuja kwa kuchelewa, akiwa na kiko mdomoni, katika riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi. Bwana Msa wa Unguja hufanya kazi ambayo hakuna aliyeifanya Bweranyange: huutazama mzimu unaoogopwa na watu, akauliza ni nani anayefaidika na hofu yao. Si ajabu kwamba mtu wa namna hiyo alizaliwa katika vitabu wakati ule ule ambapo tawala za kale zilikuwa zikielekea mwisho. Mwaka 1963 sheria ya machifu ilifutwa Tanganyika, na ngoma ya Karagwe, nyepesi au nzito, ikakosa kidole cha kuinyanyua.

Limebaki neno moja katika maelezo ya Rumanyika, nalo limepitwa na wengi kwa sababu simba na chui wanavutia zaidi. Baada ya funza kuchukuliwa, alisema, maiti ya Ndagara ilipelekwa mlima alioutaja kwa jina la Moga-Namirinzi. Haikufukiwa ardhini, ilijengewa kibanda. Ndani yake wakatiwa wasichana watano na ng'ombe hamsini, mlango ukafungwa, nao wakaachwa humo mpaka wakafa kwa njaa. Mfalme alimweleza mgeni wake jambo hilo kwa utulivu, kama sehemu ya heshima za baba yake. Katika kitabu chote hakuna jina la hata mmoja wa wasichana wale, wala la ukoo wao, wala la aliyewachagua. Hakimu Di angaliupita mtumbwi, na funza, na simba wote wa Karagwe, akaanzia kwenye mlango ule uliofungwa.