Ushuru wa Kuku na Gari Dogo la Mizigo

Gari dogo la mizigo lenye bodi ya boksi, lile ambalo dereva hukaa mbele kabisa na nyuma yake kukabaki nafasi tupu, lilianzia kwenye daftari la mfukoni. Ben Pon, mfanyabiashara wa Kiholanzi aliyetaka kuuza magari ya Volkswagen nchini kwao, alikitembelea kiwanda cha Wolfsburg, ambacho baada ya vita kilikuwa chini ya jeshi la Uingereza. Humo aliona vigari vya wazi vya kuhamishia vipuri: chesisi ya Käfer (gari dogo la abiria la Volkswagen), ubao bapa mbele, na dereva nyuma juu ya injini. Tarehe 23 Aprili 1947 alichora boksi lenye magurudumu manne. Injini aliiacha nyuma, dereva akamhamishia mbele juu ya ekseli, na katikati akaweka mzigo wa kilo 750. Mchoro huo wa mistari michache umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam.

Maofisa wa Kiingereza hawakuukubali mpango huo, kwa kuwa kiwanda kilikuwa kimeelemewa na Käfer peke yake. Mambo yalibadilika Januari 1948 Heinz Nordhoff alipokabidhiwa uongozi wa kiwanda na kazi ya kulibuni gari jipya ikaangukia kwa mhandisi Alfred Haesner. Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chesisi ya Käfer, na katika majaribio ya mwaka 1949 chesisi hiyo ilishindwa kuhimili uzito. Wahandisi wakaiacha, wakaifanya bodi yenyewe ijibebe kwa mihimili ya chuma iliyopita chini ya sakafu. Umbo la mbele nalo lilirekebishwa baada ya kupimwa kwa upepo katika chuo kikuu cha ufundi cha Braunschweig. Kioo kiligawanywa vipande viwili na pua ikakunjwa, na kipimo cha ukinzani wa hewa kikashuka kutoka 0.75 hadi 0.44. Boksi hilo likawa linapasua upepo vizuri kuliko Käfer lenye mgongo wa mviringo. Uzalishaji ulianza tarehe 8 Machi 1950, kwa injini ya sentimita za ujazo 1,131 yenye nguvu ya farasi 25. Ili farasi hao wachache waweze kupanda mlima na mzigo, magurudumu ya nyuma yalipewa gia za kupunguza mwendo zilizotokana na Kübelwagen, gari la jeshi la wakati wa vita.

Ubora wa mpango wa Pon ulikuwa katika mizani. Injini ilielemea ekseli ya nyuma na dereva akaelemea ya mbele, kwa hiyo gari likiwa tupu au limejaa, usukani haukubadilika sana. Mwoka mikate alilitoa alfajiri limejaa na kulirudisha saa nne likiwa jepesi, na katika hali zote mbili likashika barabara. Kasoro yake nayo ilitokana na mpango huohuo. Injini ilikula sehemu ya sakafu ya nyuma, pakabaki jukwaa lililoinuka ambalo mpakiaji alilazimika kulikwepa, na mizigo ikawa inaingizwa kwa milango ya ubavuni. Jukwaa hilo lililomkera mpakiaji ndilo lililokuja kumfaa mtu mwingine kabisa, yule aliyetafuta mahali pa kulaza kichwa.

Mtu huyo alihudumiwa kwanza na karakana ya Westfalia ya mji wa Wiedenbrück, iliyoanza mwaka 1844 kwa kazi ya uhunzi na magari ya farasi. Mwaka 1951 karakana hiyo ilitoa kitu kilichoitwa Camping-Box. Hakikuwa gari. Kilikuwa seti ya samani za mbao zilizopimwa kwa sakafu ya kombi, yaani gari hilo la Volkswagen: kabati, meza ya kukunja, na mabenchi ambayo matakia yake yakipangwa upya yaligeuka kitanda. Siku za kazi samani zilibaki nyumbani na gari likabeba mabomba, rangi au mikate. Kazi ikiisha mwishoni mwa juma, samani zilirudishwa ndani, pazia likafungwa dirishani na familia ikaondoka kwenda ziwani.

Ujerumani ya wakati huo ilikuwa na mafundi wengi wenye biashara changa na wachache mno wenye uwezo wa kumiliki magari mawili. Gari lililonunuliwa kwa fedha za biashara lilipaswa kulipa deni lake Jumatatu hadi Jumamosi, na likizo ya hoteli ilikuwa ndoto. Camping-Box iliwapa watu hao likizo bila kuwanyang'anya chombo cha kazi, na katika historia yote ya magari ya kambi ni vigumu kupata wazo la busara zaidi. Kuanzia mwaka 1958 Westfalia iligeukia samani za kudumu, zilizokamata bodi na zenye vifaa vingi zaidi. Magari hayo yalikuwa mazuri, lakini hayakuweza tena kubeba mabomba. Hapo gari la kazi na gari la starehe yakaanza kuachana, na bei ya la pili ikapaa.

Uingereza nayo ilifika kwenye gari la kulala ndani kwa njia ya kodi. Gari la mizigo lisilo na madirisha nyuma halikutozwa kodi ya ununuzi iliyotozwa magari ya abiria. Kampuni ya Martin Walter ya Folkestone ililigeuza Bedford CA, gari la mizigo lililotoka mwaka 1952, kuwa Dormobile, ambalo viti vyake vililala na baadaye paa lake likainuliwa kama mfuniko wenye bawaba upande mmoja. Paa la kuinuka lilienea mbali. Wasafiri waliotembelea mbuga za Kenya na Tanzania miaka ya 1960 na 1970 walisimama ndani ya kombi zenye paa la aina hiyo kuwatazama tembo.

Nchini Marekani mkondo wa mambo uligeuzwa na kuku. Mwaka 1962 Soko la Pamoja la Ulaya lilipandisha ushuru wa kuku wa Kimarekani, waliokuwa wakiuzwa kwa bei nafuu Ujerumani Magharibi kwa wingi uliowatia hofu wafugaji wa Ulaya. Mazungumzo yakashindikana. Tarehe 4 Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson alitangaza ushuru wa asilimia 25 juu ya bidhaa nne: wanga wa viazi, dekstrini, brandi na malori mepesi. Ushuru wa hizo tatu za kwanza uliondolewa baadaye, ila ushuru wa malori upo hadi leo. Kwa sheria hiyo, kombi lisilo na viti vya nyuma lilihesabiwa lori. Kombi lenye viti na madirisha lilihesabiwa gari la abiria na kulipa ushuru mdogo. Toleo la mizigo la Volkswagen likatoweka karibu kabisa katika soko la Marekani, huku toleo la abiria na lile la kambi yakiendelea kushuka bandarini.

Kwa hiyo kombi lililofikia mikono ya vijana wa Kimarekani mwishoni mwa miaka ya 1960 lilikuwa mara nyingi la abiria, lililokwisha kupita kwa mmiliki wa kwanza na wa pili. Lilikuwa bei rahisi, viti vyake viling'oka, na injini yake haikuhitaji rejeta wala maji. Mwaka 1969 John Muir, mhandisi aliyeacha kazi yake na kuhamia New Mexico, alichapa kitabu cha kumfundisha asiye fundi kulihudumia Volkswagen lake mwenyewe, na kikauzwa kwa mamilioni. Muir alisisitiza jambo ambalo wanunuzi wengi wa mkono wa pili walilijua baada ya kuunguza injini: valvu zirekebishwe kila maili 3,000. Silinda ya tatu ndiyo iliyotangulia kufa, kwa sababu katika injini za miaka hiyo kipoza oili kilikaa katika njia ya hewa iliyokusudiwa kuipoza. Aliyenunua bila kukagua valvu za silinda hiyo alinunua safari fupi.

London nayo ilikuwa na soko lake. Vijana wa Australia na New Zealand waliotaka kuzunguka Ulaya walinunua kombi kutoka kwa wenzao waliomaliza mzunguko, mitaani karibu na Australia House na baadaye Market Road, kaskazini mwa mji. Gari moja liliweza kubadilisha mikono kila mwaka pamoja na jiko, sufuria na ramani zake. Ukaguzi ulianza na kutu: kwenye matao ya magurudumu, kwenye kingo chini ya milango, chini ya betri, na chini ya raba ya kioo cha mbele ambamo maji hutuama. Injini mbovu ingeweza kubadilishwa kwa siku moja, ila mihimili ya sakafu ikishaliwa na kutu, gari lenyewe limekwisha, kwa kuwa bodi ndiyo chesisi.

Viwanda vya Marekani vilijaza kwa namna yao nafasi iliyoachwa na kombi la mizigo. Chrysler ilitoa toleo la mizigo la gari lake dogo la familia mwaka 1984, na Chevrolet Astro ikauzwa kuanzia 1985 hadi 2005. Baada ya hapo fundi wa Kimarekani alibaki hasa na magari makubwa yenye kunywa mafuta, hadi Ford ilipoleta Transit Connect kutoka Uturuki mwaka 2009.

Namna lilivyoingia inastahili kuelezwa taratibu. Kila Transit Connect, hata lililokwisha kuagizwa kwa kubebea mizigo, liliwasili katika bandari ya Baltimore likiwa na viti vya nyuma, mikanda na madirisha. Kwa forodha lilikuwa gari la abiria, la ushuru wa asilimia 2.5. Likishapita forodha, lilipelekwa kwenye karakana jirani, viti vikang'olewa, vioo vya nyuma vikatolewa na mahali pake pakazibwa kwa bati. Viti ambavyo havikukaliwa hata siku moja vilivunjwavunjwa na kupelekwa kurejelezwa. Mwaka 2013 forodha iliamua kuwa magari hayo yalikuwa ya mizigo tangu yalipotoka kiwandani. Ford ikaenda mahakamani, ikashinda mwaka 2017, ikashindwa kwenye rufaa mwaka 2019, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza. Mwaka 2024 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 365 kumaliza shauri hilo. Ni upotevu wa kusikitisha wa vitambaa, vioo na nguvu za watu, uliozaliwa na ugomvi wa kuku wa nusu karne nyuma.

Nissan iliukwepa ushuru huo kwa kujenga NV200 nchini Mexico, na toleo lake likauzwa pia kwa nembo ya Chevrolet kati ya 2015 na 2018. Ram ilileta ProMaster City, ambalo asili yake ni Fiat Doblò lililokuwa likitengenezwa Bursa, Uturuki. Uhai wa kundi hili ulikuwa mfupi. NV200 liliondolewa Marekani mwaka 2021, ProMaster City mwaka uliofuata, na Transit Connect mwishoni mwa 2023. Tangu hapo anayetaka nchini Marekani gari dogo la mizigo la kufanyia kazi na kulala ndani yake wikendi hana pa kwenda ila soko la magari yaliyotumika.

Magari hayo matatu yanakaribiana kwa vipimo. Kati ya matao ya magurudumu ya nyuma kuna takriban sentimita 120, upana unaoruhusu godoro la futi nne kwa sita kulala sakafuni. NV200 hubeba takriban kilo 670 na ujazo wa mita 3.5, ProMaster City huchukua zaidi, takriban kilo 850 na mita 3.7. Tofauti kubwa iko kwenye mitambo. NV200 hutumia gia boksi ya mkanda isiyo na hatua, inayodai oili yake ibadilishwe kwa wakati na isiyopenda kubebeshwa mzigo mzito milimani. Transit Connect la kizazi cha pili lilitoka katika urefu wa aina mbili, na lile refu ndilo linalomfaa mtu mrefu anayetaka kulala amenyooka. Injini ya kawaida ya lita 2.5 isiyo na tabo ndiyo chaguo tulivu zaidi kwa gari lililokwisha kufanya kazi miaka kadhaa.

Mengi ya magari haya yalitumikia makampuni ya usambazaji, mafundi umeme na wauza maua. Hilo lina faida yake, kwani makampuni huweka kumbukumbu za matengenezo, na kumbukumbu hizo zina thamani kuliko rangi inayong'aa. Hasara yake ni kwamba maili zilizoandikwa kwenye dashibodi hazisemi yote. Gari la kusambaza vifurushi huzimwa na kuwashwa mara nyingi kwa siku, na injini yake hunguruma saa nyingi likiwa limesimama. Reli za mlango wa kuteleza, bawaba za milango ya nyuma na ukingo wa kiti cha dereva huonyesha matumizi hayo. Matundu ya skrubu yaliyoachwa sakafuni na rafu za vifaa hukaguliwa moja baada ya jingine, kwa kuwa chuma kilichotobolewa na kuachwa bila rangi huanza kuliwa na kutu hapo. Matundu ya keria ya ngazi juu ya paa hukaguliwa vilevile: yakivuja, maji hushuka ndani ya mbavu za bodi na kutuama nyuma ya mbao ambazo mnunuzi atakuja kuzipigilia.

Uzito hupigwa hesabu kabla ya kukata mbao. Kitanda cha plaiwudi, betri ya pili, madumu mawili ya maji ya lita 20 na jiko la gesi hufika upesi kilo 150, na kwenye NV200 hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya uwezo wake, kabla ya dereva na abiria kupanda. Kikomo cha mzigo kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho katika nguzo ya mlango wa dereva. Gari litakalorudi kazini Jumatatu hufungwa kitanda kwa boliti nne au sita kwenye pete za kufungia mizigo zilizomo sakafuni, bila kutoboa bodi, ili mtu mmoja aweze kukitoa peke yake.