Roma ya siku za mitume: jeshi, kodi na uraia

Mkristo wa Uvira akifungua Agano Jipya anakutana na Roma karibu kila ukurasa: Kaisari, liwali, akida, mtoza ushuru, dinari. Tumeyazoea majina hayo hata hatuulizi tena yalikuwa na maana gani. Katika madarasa ya wazee wa kanisa na ya walimu wa shule ya Jumapili tumeona kwamba maswali mengi yanatokea hapo, basi tumekusanya hapa mambo yanayosaidia kusoma.

Kwa miaka karibu mia tano Roma haikuwa na mfalme. Ilitawaliwa na baraza lililoitwa senati, pamoja na makonsuli wawili waliochaguliwa kwa mwaka mmoja tu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliumaliza utaratibu huo. Mwaka 27 K.K. senati ilimpa Oktaviano jina la Augusto. Yeye hakujiita mfalme. Senati iliendelea kukaa, uchaguzi uliendelea kufanywa, lakini majeshi yalikuwa yake. Wasomaji wetu hawahitaji maelezo marefu juu ya serikali ya namna hiyo.

“Kaisari” lilikuwa jina la ukoo wa Julio, ndugu wa bibi mzaa mama wa Augusto, aliyemrithisha, kisha likawa cheo. Ng'ambo ya ziwa letu, Bujumbura na Kigoma, Wajerumani walitawala hadi 1916, na mfalme wao aliitwa Kaiser: ni neno lile lile. Na miezi ya Julai na Agosti inabeba majina ya hao wawili, Julio na Augusto.

Yesu alizaliwa chini ya Augusto, akasulubiwa chini ya Tiberio, aliyetawala tangu mwaka 14 hadi 37. Pontio Pilato alikuwa liwali wa Uyahudi tangu 26 hadi 36. Mwaka 1961 wachimbaji walipata Kaisaria, mji wa pwani, jiwe lenye jina lake.

Mambo ya jeshi na kodi yanaeleweka upesi kwetu. Askari wa dola aliweza kumshika mtu njiani na kumbebesha mzigo wake. Simoni wa Kirene alibebeshwa msalaba kwa desturi hiyo (Marko 15:21), na Yesu aliposema juu ya kwenda maili ya pili (Mathayo 5:41) wasikilizaji wake walijua mabega yanavyouma. Watu wa bonde la Ruzizi na wa milima ya juu ambao wamewahi kubebeshwa mizigo na wenye silaha hawahitaji kitabu cha maelezo kwa mstari huo. Wanachohitaji ni mhubiri asiyeupitia haraka, kwa maana ni neno gumu kuliko linavyosikika katika kanisa lenye amani.

Kuhusu ushuru, Roma mara nyingi iliuza haki ya kutoza. Tajiri alilipa serikali kiasi kilichokubaliwa, kisha yeye na watu wake wakatoza zaidi ili wapate faida. Ndiyo sababu Yohana Mbatizaji aliwaambia watoza ushuru wasipite kiwango, na askari waridhike na mshahara wao (Luka 3:12-14). Mathayo alikaa forodhani Kapernaumu, kando ya ziwa, mahali tunapoweza kupawazia kama Kalundu ndogo. Ila tukumbuke kwamba Galilaya wakati huo ilikuwa chini ya Herode Antipa. Ushuru wa Mathayo ulikwenda kwanza kwa Herode, si moja kwa moja kwa Kaisari. Zakayo wa Yeriko ndiye aliyekuwa katika eneo la Pilato.

Katika dini Warumi hawakuwa wakali kwa kila mtu. Miungu ya mataifa waliiacha, mradi watu watoe heshima kwa miungu ya dola na kwa Kaisari. Wayahudi walipewa ruhusa yao ya zamani. Wakristo, walipoonekana si Wayahudi tena, hawakuwa na ruhusa hiyo. Karibu mwaka 112 liwali Plinio aliandikia Kaisari Trajano kutoka Bithinia kwamba aliwapima watuhumiwa kwa kuwaambia wafukize ubani mbele ya sanamu ya Kaisari na kumlaani Kristo, waliokataa aliwaua. Mateso yalikoma kwa mapatano ya 313. Mwaka 321 Konstantino aliamuru mahakama na kazi za mjini zipumzike siku ya Jumapili, na mwaka 380 Theodosio aliufanya Ukristo kuwa dini ya dola.

Baadhi yetu Waprotestanti hudhani Roma ni habari ya Wakatoliki. Lakini tunasherehekea Krismasi tarehe 25 Desemba kwa kufuata kalenda ya kanisa la mji wa Roma, na Kiswahili chetu tunakiandika kwa herufi za Roma, wakati watu wa pwani walikiandika kwa herufi za Kiarabu. Hata anayeuza kiwanja Mulongwe anaingia katika mapatano yenye mizizi ya Kirumi: sheria yetu ya mikataba ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, iliyofuata sheria ya Ubelgiji, nayo ya Napoleoni ya 1804, ambayo ilichota sana katika sheria ya Roma.

Limebaki jambo la uraia, ambalo kwetu Uvira ni jeraha, si somo la historia tu.

Wakati wa Paulo, wakaaji wengi wa dola hawakuwa raia wa Roma. Uraia ulipatikana kwa kuzaliwa na raia, kwa kuachwa huru na bwana aliye raia, kwa kutumika miaka 25 katika vikosi vya wasaidizi, au kwa upendeleo. Jemadari Klaudio Lisia aliununua kwa fedha nyingi, lakini Paulo alizaliwa nao (Matendo 22:28). Faida yake ilikuwa kubwa: raia hakufungwa wala kupigwa mijeledi bila hukumu, naye aliweza kukata rufani kwa Kaisari. Mtoto wa raia aliandikishwa ndani ya siku 30. Kwetu sheria inatoa siku 90 na wazazi wengi bado hawaendi, kisha mtoto anakua bila karatasi, akifika barieri hana la kuonyesha.

Wabelgiji nao walijaribu jambo lililofanana na la Roma. Mwaka 1948 walileta kadi ya sifa ya kiraia, na mwaka 1952 uandikishaji wa wale walioitwa evolue. Maofisa waliingia mpaka nyumbani kuona mtu analala na kula namna gani. Waliopewa walikuwa wachache sana.

Sasa tusome Wafilipi 3:20. Filipi ilikuwa koloni la Roma, mji wa askari wastaafu waliopewa mashamba na uraia mbali na Italia. Watu wake walijivunia sana jambo hilo (Matendo 16:21). Biblia ya Union ya zamani inatumia hapo neno “wenyeji”. Tafsiri za karibuni zinatumia “raia”. Maneno hayo mawili kwetu hayana uzito mmoja. Uraia unaandikwa na Serikali, na Katiba yetu inasema ni mmoja na wa pekee. Uenyeji watu wanauhesabu kwa kaburi la babu na jina la kilima, na kwa hesabu hiyo watu wametukanwa, wamefukuzwa na kuuawa, wakati mwingine na waliokula meza moja ya Bwana. Mhubiri anayesoma mstari huu Uvira achague neno lake akijua ni nani wamekaa mbele yake.

Na tuone Paulo aliwaandikia nani. Kanisa la Filipi lilianza kukutana katika nyumba ya Lidia (Matendo 16:40), na Lidia hakuwa mtu wa Filipi. Alikuwa mwanamke wa Thiatira, ng'ambo ya bahari, muuza nguo za zambarau.