Ugonjwa Ulioonekana Ukaachwa: Karne ya Kipimo cha Mlango wa Kizazi

Saratani ya mlango wa kizazi hujijenga taratibu. Kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana, mara nyingi hutoweka chenyewe. Kikikaidi, seli za mlango wa kizazi huanza kubadilika, na mara nyingi hupita miaka 10 hadi 20 kabla mabadiliko hayo hayajawa saratani. Kwa kawaida muda wote huo mwanamke hasikii maumivu wala haoni damu. Ugonjwa huu unazuilika kwa sababu ya muda huo, na wanawake wengi wamekufa kwa sababu muda huo ulipotezwa.

Mwezi Januari 2027 ni karne kamili tangu Aurel Babeș alipowaeleza madaktari wenzake mjini Bucharest, Romania, kwamba seli chache zilizochukuliwa kwa kitanzi cha waya wa platini na kutazamwa kwa hadubini zinatosha kuitambua saratani hiyo. Mwaka mmoja baada ya Babeș, George Papanicolaou, Mgiriki aliyehamia Marekani, alitangaza matokeo kama hayo. Yeye alianza na simbilisi wa maabara, kisha akaendelea na mke wake, Andromache, aliyekubali kupimwa kwa miaka mingi. Wakubwa wa tiba hawakumjali hadi alipochapisha kazi yake pamoja na Herbert Traut mwaka 1941 na 1943. Kipimo kikaitwa Pap, na jina la Babeș likabaki kutajwa zaidi kwao Romania.

Kuanzia hapo ugonjwa uliweza kuonekana ukiwa bado mchanga. Swali lililofuata ni nini kifanyike ukishaonekana, na jibu lake lilipatikana kwa gharama kubwa mjini Auckland, New Zealand.

Katika hospitali ya wanawake ya National Women's alikuwapo daktari bingwa aliyeheshimika sana, Herbert Green. Aliona wanawake vijana wakiondolewa kizazi kwa sababu ya mabadiliko ya seli tu, akasikitika, na katika hilo alikuwa na hoja. Lakini alikwenda mbali zaidi: aliamini kwamba mabadiliko hayo, hata yale mazito, ni nadra kugeuka saratani. Mwaka 1966 kamati ya madaktari wa hospitali ilimruhusu awafuatilie wanawake wenye mabadiliko hayo bila kuwapa tiba iliyokuwa ya kawaida wakati ule. Waliitwa kliniki mara kwa mara, wakapimwa, wakarudishwa nyumbani. Wengi hawakujua kwamba ugonjwa wao unaachwa makusudi, wala hawakuombwa ridhaa.

Wawili wa hospitali hiyohiyo waliona hatari. William McIndoe, aliyechunguza mlango wa kizazi kwa darubini maalumu, na Jock McLean, mtaalamu wa patholojia, waliona vipimo vya wagonjwa walewale vikizidi kuharibika mwaka hadi mwaka. Mwaka 1973 McIndoe aliuandikia uongozi. Malalamiko yakaundiwa jopo la ndani, na hakuna cha maana kilichobadilika. Heshima ya mkubwa ilipewa uzito kuliko ushahidi uliokuwa mezani.

Mwaka 1984 McIndoe, McLean na wenzao walichapisha takwimu zenyewe katika jarida la kitaalamu. Bado umma haukusikia. Ilibidi waandishi wawili, Sandra Coney na Phillida Bunkle, waiandike habari hiyo katika jarida la Metro mwezi Juni 1987 ndipo serikali ikaunda tume chini ya Jaji Silvia Cartwright. Ripoti yake ya Agosti 1988 ilisema wazi kwamba wanawake kadhaa walinyimwa tiba, na baadhi yao walipata saratani wakafa. Wapo wanaoipinga ripoti hiyo hadi leo. Hata hivyo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kati ya wanawake wa hospitali hiyo walioachwa bila tiba ya kutosha, takriban 31 katika kila 100 walipata saratani ndani ya miaka 30. Waliotibiwa ipasavyo hawakufika hata mmoja katika 100.

Kuhusu chanzo cha ugonjwa, mwanasayansi Harald zur Hausen alikwisha kukitambua kirusi cha HPV aina ya 16 mwaka 1983, ugunduzi uliompa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Chanjo ikafuata; Tanzania iliianza kitaifa mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019.

Kwa Afrika Mashariki, iliyo na uhaba wa wataalamu wa patholojia, hatua kubwa ilikuwa kipimo cha siki. Muuguzi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, na sehemu iliyobadilika hugeuka nyeupe. Panapofaa, sehemu hiyo hugandishwa kwa baridi kali au kuunguzwa kwa joto siku hiyohiyo. Kliniki inayopima bila kifaa cha kutibia, au inayompa mgonjwa tarehe ya miezi mingi mbele, inarudia kosa la Auckland, hata kama kinachokosekana ni gesi ya kugandishia tu.

Shirika la Afya Duniani linashauri uchunguzi uanze katika umri wa miaka 30, na miaka 25 kwa wanaoishi na VVU. Mwanamke anayepimwa asiondoke kliniki kabla ya kuuliza mambo mawili: majibu yake ni yapi, na kama kuna mabadiliko, atatibiwa lini na wapi.