Asili ya Karamu ya Vitabu vya Watoto

Wasomaji wetu, wengi wenu mmekwisha kusikia habari za karamu za vitabu zifanywazo siku hizi katika shule za watoto wadogo. Mtoto huja amevaa mfano wa mtu au mnyama aliyemsoma kitabuni, wazazi wake huja pamoja naye, hadithi husomwa, kisha watu hula na kunywa. Sisi walimu nasi tulitamani kufanya karamu ya namna hiyo katika darasa letu la pili. Tukaandika barua kwa wazazi, tukataja siku na saa, na mavazi ambayo kila mtoto yampasa kuja nayo. Barua nyingi hazikupata jibu. Mama mmoja alituletea yake mkononi, ingali imekunjwa vile vile tulivyoikunja sisi, akatuuliza kwa hofu mwanawe amekosa nini shuleni.

Tuliona haya. Tulikuwa tumewaalika wazee kwenye karamu ya kusoma kwa njia ambayo ilimfungia mlango kila asiyejua kusoma. Basi, kabla ya kuandika barua nyingine, tulitaka kwanza kujua watu walioanzisha mambo haya walikuwa wakitafuta nini.

Habari yaanzia Marekani, mwaka 1919, vita kuu ya kwanza ilipokuwa imekwisha mwaka mmoja tu. Watu watatu walishauriana. Mmoja ni Franklin K. Mathiews, mtunza vitabu mkuu wa Maskauti wa nchi ile, aliyekuwa amesafiri huko na huko miaka kadhaa akiwaonya watu juu ya vitabu vya ovyo walivyouziwa wavulana. Wa pili ni Frederic Melcher, mhariri wa gazeti la wauza vitabu. Wa tatu ni Bibi Anne Carroll Moore, msimamizi wa kazi ya watoto katika maktaba ya mji wa New York. Hao ndio walioanzisha Juma la Vitabu vya Watoto, likafanywa mara ya kwanza mwezi wa Novemba mwaka ule. Mtu akisema kwamba wauza vitabu walitafuta faida yao, hatutabishana naye. Mchuuzi hunadi alichonacho. Walakini tangazo la picha la mwaka ule wa kwanza, lililochorwa na Bibi Jessie Willcox Smith, laonyesha watoto wawili na vitabu vyao, na maneno yake hayataji duka wala shule. Yataka vitabu vizidi nyumbani. Tuliposoma hayo tulitazamana, maana katika barua yetu neno nyumbani halikuwamo hata mara moja.

Habari ya pili ni ya Ujerumani, nayo yatugusa zaidi. Jella Lepman alizaliwa Stuttgart mwaka 1891, katika jamaa ya Kiyahudi. Alipokuwa kijana wa miaka 17 alifungua chumba cha kusomea kwa watoto wa wafanyakazi wageni wa kiwanda kimoja cha sigara. Akaolewa, akafiwa na mume, akawalea watoto wake wawili kwa kazi ya kuandika magazetini, hata serikali ya Hitler ilipowatesa Wayahudi akakimbilia Uingereza mwaka 1936. Vita vilipokwisha mwaka 1945 jeshi la Marekani lilimwita arudi Ujerumani awe mshauri wa mambo ya wanawake na vijana. Fikirini, wasomaji: arudi kwa watu waliomfukuza! Akarudi. Akaona watoto wakizurura katika magofu, wana njaa ya chakula, na vitabu walivyoachiwa ni vile vilivyojaa chuki.

Bibi Lepman hakuwa na fedha. Aliandika barua kwa nchi 20, akaomba kila moja imletee vitabu vyake bora vya watoto, bure. Ubelgiji ilikataa, maana Wajerumani walikuwa wameivamia mara mbili katika maisha ya mtu mmoja. Hakukasirika, aliandika mara ya pili akiwasihi, kwa kuwa watoto wasipopata mwanzo mpya, wangeweza kuivamia nchi ile mara ya tatu. Vitabu vya Ubelgiji vikaja, tena vizuri. Tarehe 3 Julai 1946 maonyesho yalifunguliwa mjini Munich, yakiwa na vitabu vya nchi 14, ndani ya jumba kubwa ambalo serikali ya Hitler ilikuwa imelijenga kwa sanaa ya kujisifia. Watu wazima wakaja pamoja na watoto. Kisha yakapelekwa miji mingine. Krismasi ya mwaka ule, huko Berlin, Bibi Lepman alifasiri mwenyewe kwa Kijerumani hadithi ya fahali asiyependa kupigana, aketiye chini ya mti kunusa maua, akaipigisha chapa kwenye karatasi ya magazeti, nakala 30,000, watoto wakapewa bila malipo. Karatasi ile ilikuwa duni kabisa, nasi twaitaja kwa ajili ya wale wadhanio kwamba kitabu kisicho na jalada zuri hakifai kuwekwa mbele ya wageni.

Kutokana na maonyesho hayo ikapatikana Maktaba ya Kimataifa ya Vijana, iliyofunguliwa Munich mwaka 1949, na mwaka 1953 chama cha mataifa cha vitabu vya watoto kikaundwa mjini Zurich. Tangu mwaka 1967 tarehe 2 Aprili ni Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto. Bibi Lepman aliiona siku hiyo ikianza, akafariki mwaka 1970.

Kwa nini tarehe 2 Aprili? Ndiyo siku aliyozaliwa Hans Christian Andersen, mtunzi wa hadithi, katika mji wa Odense nchini Denmark, mwaka 1805. Baba yake alikuwa fundi viatu maskini, naye humsomea mwanawe jioni; akafa mtoto akiwa na miaka 11. Mama yake alikuwa mfua nguo, asiyejua kusoma. Bibi yake alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wagonjwa na maskini, na humo mtoto alikaa na wanawake wazee waliokuwa wakisokota nyuzi, akasikiliza hadithi zao za kale. Basi mtu ambaye siku yake yaadhimishwa kwa vitabu alilishwa nusu kwa kitabu, na nusu kwa vinywa vya wanawake wasiokuwa na vitabu. Msomaji wa Biblia atakumbuka jinsi Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo, amtajavyo kwanza Loisi bibi yake na Eunike mama yake.

Tena, katika hadithi alizosomewa Andersen na baba yake zilikuwamo zile ambazo watu wa pwani yetu huziita Alfu Lela Ulela. Huku pwani hadithi zilisimuliwa barazani na jikoni muda mrefu kabla ya kupigwa chapa. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa Askofu, aliandika hadithi kama zilivyotoka vinywani mwa Waunguja, na mwaka 1870 kitabu chake kikatolewa London. Humo mna Sultani Darai, na Mwalimu Goso, na punda wa dobi. Na watu wa leo hawakulala: mwaka 1991 ulianzishwa Dar es Salaam Mradi wa Vitabu vya Watoto, ili watoto wa Tanzania wapate vitabu vya Kiswahili vilivyotungwa kwa ajili yao.

Mavazi hatukuyaona katika asili hizo. Yamepata nguvu katika shule za Uingereza, ambako Siku ya Vitabu hufanywa mwezi wa Machi, na huko huko wazazi hulalamika juu ya gharama. Hatuyachukii, ila mtoto asiye na shilingi ya mavazi asikose karamu kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo tumepanga upya. Barua hatuandiki, walimu watapita nyumba kwa nyumba kualika. Juma moja kabla, kila mtoto atachukua kitabu kimoja cha sanduku la darasa, awasomee watu wa nyumbani mwake. Masikio ya sungura na mikia ya simba yatakatwa darasani kwa karatasi kuukuu. Siku ni Jumamosi alasiri, watu wakiisha kutoka shambani. Kila jamaa italeta mkeka, maana viti vyetu ni vya watoto, na shule itapika chai na mihogo. Msomaji asome, na asiyesoma asimulie. Watoto wa darasa la saba wataandika hadithi hizo, tuzishone kwa uzi ziwe kitabu cha darasa. Mwalimu mwenzetu mmoja alipinga, akasema hadithi ya mdomo si kitabu. Tulimwonyesha habari ya Steere, akanyamaza, ingawa hatujui kama amekubali.

Atakayeanza si mwalimu. Yule mama aliyetuletea barua ameahidi hadithi ya sungura na kisima, kwa sharti moja tu: waandishi wasiifupishe.