Kansa ya mifupa na ya nyama za mwili: usikande uvimbe usioujua

Mtoto wa miaka 14 anasema goti linamuuma. Nyumbani wanafikiri ameanguka kwenye mupira. Wanakanda, wanafunga majani, mwezi unapita. Jirani anasema ni karuho. Mara nyingi ni kitu kidogo kweli. Lakini mara moja moja ni kansa, na hapo kuchelewa kunaweza kuleta kifo.

Sarkoma ni nini?
Ni kansa inayoanzia kwenye mufupa ao kwenye nyama laini: misuli, mafuta, mishipa. Ni chache: kwa watu wazima, karibu 1 kwa kansa 100. Kansa ya titi inayofika kwenye mufupa si sarkoma. Ni kansa ya titi iliyosambaa.

Inashika nani?
Osteosarkoma inashika sanasana vijana wanaokua haraka, karibu na goti ao bega. Kondrosarkoma ni ya watu wazima. Sarkoma ya Kaposi, yenye madoa meusi kwenye ngozi, inatokana na kirusi HHV-8, na inazidi kwa mwenye SIDA asiyekunywa dawa. Kansa ya mufupa haiambukizi, na kuanguka hakuileti.

Alama za kuangalia
– maumivu yanayozidi usiku, hata mtu amepumzika;
– uvimbe unaokua ao unaopita santimetre 5, hata kama hauumi;
– mufupa unaovunjika bila sababu kubwa.

Hospitalini
Radiografi njo ya kwanza. Kisha biopsi: munganga anatoa kipande kidogo cha uvimbe, kinapimwa. Bila hiyo, kansa inaweza kuchanganywa na kifua kikuu cha mufupa. Wanapima pia mapafu, juu ndipo sarkoma inakimbilia.

Matibabu
Kwa osteosarkoma, upasuaji peke yake hautoshi. Inaomba pia shimioterapi. Penye vyote viwili vinapatikana, na kansa haijasambaa, wagonjwa 6 ao 7 kwa 10 wako hai kisha miaka 5. Karibu na sisi kuna hospitali ya Butaro, Rwanda, yenye kituo cha kansa tangu 2012, na ile ya kansa ya Mulago, Kampala.

Familia nyingi zinaogopa kukatwa mguu, zinatorosha mgonjwa. Lakini mtoto wa mguu mmoja anasoma, anafanya kazi, anaoa.

Muzazi, kama maumivu ao uvimbe unapita wiki mbili, acha kukanda. Omba radiografi.