Cadillac Ranch

Cadillac Ranch ni safu ya magari 10 ya Cadillac yaliyofukiwa kichwachini katika shamba nje ya mji wa Amarillo, jimbo la Texas, Marekani, kando ya barabara kuu ya I-40 na karibu na njia ya zamani ya Route 66. Yalisimikwa mwaka 1974 na Chip Lord, Hudson Marquez na Doug Michels, wasanii wa kundi la Ant Farm, kwa gharama ya tajiri wa mji huo, Stanley Marsh 3, aliyependa kujiandika kwa tarakimu hiyo.

Magari hayo ni ya matoleo ya 1949 hadi 1963, na yamepangwa ili mpita njia aone jinsi mapezi ya nyuma yalivyoota, yakarefuka kupita kiasi, kisha yakanywea. Somo hilo leo halisomeki vizuri. Wageni huruhusiwa kuyapulizia rangi, na baada ya miongo kadhaa mabati yamevaa ganda nene linalobanduka vipande vipande, likionyesha matabaka ya kila rangi. Jina uliloandika asubuhi linaweza kufunikwa kabla ya jua kuzama. Vioo na vitasa viling'olewa zamani.

Mwaka 1997, mji ulipopanuka, safu nzima ilihamishiwa magharibi umbali wa kilomita 3 hivi. Hakuna kiingilio; mvua ikinyesha, andaa viatu vya matope.