Reli ya Sigi: Treni Iliyofuata Magogo Usambara Mashariki

Mgeni anayepanda kwenda Amani kutoka Muheza hufika kwanza Sigi, penye kituo cha habari cha hifadhi ya msitu. Jengo hilo lilikuwa nyumba ya mkuu wa stesheni. Treni ilifika hapa, ndani kabisa ya bonde, na leo hakuna hata kipande kimoja cha reli kinachotumika.

Reli kuu ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902 na Mombo 1905. Ilipita chini ya milima tu. Juu milimani kulibaki mivule na mitambara, miti ambayo gogo lake moja haliwezi kubebwa na wapagazi. Kampuni ya Kijerumani ya mbao ikaamua kuifuata miti ilipo: kuanzia 1904 ilijenga tawi lake kutoka Tengeni, karibu na Muheza, hadi Sigi, na kufikia 1910 njia ilikuwa na urefu wa kilomita 23 hivi.

Reli kuu ilikuwa na upana wa mita moja. Hii ya Sigi ilikuwa na sentimita 75. Katika mlima, tofauti hiyo ni kubwa. Njia nyembamba hukata kona kali, hutumia vyuma vyepesi na mataruma mafupi, na haidai kuchimba sana ubavu wa mlima. Lakini nafuu hiyo ililipiwa Tengeni. Mabehewa ya Sigi hayakuweza kuingia reli kuu, kwa hiyo mzigo wa Tanga ulishushwa wote na kupakiwa upya.

Usambara Magharibi walichagua njia nyingine. Mierezi ya Shume iliteremshwa kwa waya wa kuning'inia, uliojengwa na Bleichert wa Leipzig kwa ajili ya kampuni ya Wilkins & Wiese.

Wahandisi wamesifiwa vya kutosha. Vibarua hawajasifiwa, na bila wao hakuna lililowezekana. Wanyamwezi na Wasukuma walitoka mbali kuja kufanya kazi katika mashamba ya Usambara. Wilayani Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, tangu 1907 mwenyeji alipewa kadi iliyomlazimisha kumfanyia mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Uchumi uliozilisha reli za Usambara ulisimama juu ya amri za namna hiyo, na simulizi ya reli isiyozitaja ni pungufu.

Sigi ilikuwa pia mlango wa Amani, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Amani ilikuwa juu zaidi, karibu mita 900, hivyo kutoka stesheni safari iliendelea kwa barabara. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Amani ilitengeneza kwinini kwa ajili ya jeshi la Kijerumani lililokuwa limezingirwa.

Baada ya vita reli haikudumu, vyuma vikang'olewa. Bonde halikuachwa: Longuza pamepandwa misaji, msitu wa Amani ulitangazwa hifadhi mwaka 1997, na mto Sigi unajaza bwawa la Mabayani linalowapa maji wakazi wa Tanga. Nyumba ya mkuu wa stesheni imetunzwa kwa sababu ilipata kazi mpya. Njia yenyewe haikupata bahati hiyo. Inastahili kupimwa na kuchorwa yote, kuanzia Tengeni, popote palipobaki tuta au daraja, na wazee wa eneo hilo waulizwe walichosimuliwa na baba zao kuihusu.